Eliptiki ya Mama (gumzo la familia, Lubumbashi)

Yaya Odette: Jambo wote. Tumetoka kwa dokta wa goti. Amesema goti la Mama lisikae bure, lifanye kazi, ila kazi isiyo na kishindo. Amekubali velo eliptiki, ile ya kusimama na kukanyaga huku mikono inasukuma na kuvuta. Trésor, ulisema utachangia. Tuongee kabla hujatuma pesa.

Trésor: Niko tayari Yaya. Kuna mtu hapa Kolwezi anauza moja mpya, bado iko ndani ya boksi. Dola 260. Skrini kubwa, inahesabu mpaka mapigo ya moyo. [picha]

Papa: Kwa nini asitembee tu asubuhi? Barabara hailipishwi.

Mama: Papa Odette, nilitembea mwaka mzima. Mvua ikinyesha, pale mbele ya lupango, kiwanja cha nyumba yetu, ni matope matupu. Nikiteleza mara moja goti linavimba siku tatu. Na pikipiki hazimwonei mtu huruma.

Papa: Ni kweli. Na velo ya kukaa?

Yaya Odette: Hata hiyo ni nzuri Papa, na haili nafasi. Lakini Mama anaumia zaidi goti likikunjwa sana, na juu ya kiti linakunjwa kila mzunguko. Kwenye eliptiki nyayo haziachi pedali, hakuna kudunda kama mtu anayekimbia.

Mado: Trésor usinunue hiyo! Nimeikuza picha. Pembeni ya boksi wameandika hatua, yaani urefu mguu unaokwenda mbele na nyuma, ni sentimita 30. Mimi nashinda kwenye sale ya spoti, ukumbi wa mazoezi, nawaona watu. Hatua ikiwa fupi hivyo, mguu unapanda na kushuka kama mtu anayepanda ngazi, na uzito zaidi unaenda kwenye goti. Mama ana mita 1.62, anahitaji kama 41 hadi 46. Wewe mwenye 1.85 ungetaka 50 na zaidi.

Trésor: Sikujua kama hatua inapimwa. Niliangalia skrini tu.

Mado: Skrini iangalie mwisho. Uliza kwanza gurudumu la ndani lina kilo ngapi. Likiwa jepesi, mwendo unakatikakatika, unasukuma, linakwama, unasukuma tena. Likifika kilo 7 au 8 na kuendelea, linazunguka laini hata ukipunguza nguvu. Halafu uliza inakazwa na nini, yaani nini kinaleta ugumu wa kukanyaga. Kuna zinazokazwa na kitambaa kinachosugua gurudumu, kinalika na kupiga kelele. Ya sumaku haigusi kitu, Mama atafanya saa kumi na moja asubuhi na Papa amelala.

Papa: Na kuran, umeme? Wiki iliyopita tulikaa gizani siku mbili.

Mado: Swali zuri sana Papa. Kuna zinazochomekwa ukutani, kuran ikikatika hata ugumu haubadiliki tena. Hizo tuziache. Kuna ya sumaku unayozungusha kifundo kwa mkono, skrini yake ndogo inatumia betri za kawaida. Na kuna inayojitengenezea kuran yenyewe kwa kukanyagwa. Hiyo ni ghali. Kwa nyumba yetu, ya kifundo inatosha.

Yaya Odette: Uzito pia. Mama ana kilo 92. Tutafute iliyoandikwa inabeba 120 au zaidi, tusikae kwenye mpaka.

Mama: Kilo zangu mnaziandika mbele ya wakwe?

Yaya Odette: Wakwe hawamo humu Mama, ni sisi tu. Na ni kwa ajili ya usalama wako.

*Jumamosi*

Mado: Nimempeleka Mama kwenye sale leo, ajaribu kwa miguu yake mwenyewe. Alivua sandali, akavaa raba za Odette. Alipanda akikamata vyuma vyote viwili mpaka vidole vikawa vyeupe. Nikamwambia, Mama nyoosha mgongo, usilalie vyuma, angalia dirishani. Dakika ya tatu mikono ikalegea. Dakika ya sita akaanza kunisimulia habari za harusi ya Likasi bila kukata pumzi. Hapo nikajua kasi inamfaa: anaongea vizuri, kuimba hawezi. Tukaishia dakika 8. Goti halikulia.

Mama: Nililala vizuri. Aksanti mwanangu.

Trésor: Nimefurahi mpaka machozi. Sasa, kuna hoteli inauza ya okazyo, iliyokwisha kutumika, hapo Lubumbashi, dola 400. Hatua 46, sumaku, ya kifundo.

Yaya Odette: Nimetoka kuiona. Nje ni safi. Lakini nilipoikanyaga polepole, pedali ya kulia ikifika chini inasema "ko", kila mzunguko. Nikaishika kwa mkono, inacheza kushoto na kulia. Beringi imelika. Muuzaji akasema ni mafuta tu. Nikamwomba aitie mafuta mbele yangu. Akatia. "Ko" ikabaki palepale.

Mado: Umefanya vizuri Yaya. Achana nayo, goti la Mama ndilo lingelipokea hilo "ko".

Trésor: Basi tuongeze, tuagize mpya kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nitatoa 350, wengine mnijazie.

Papa: Mimi natoa 100. Itakaa wapi? Barzani?

Yaya Odette: Barzani bati liko mita 2.05. Pedali ikiwa juu kabisa inamwinua mtu kama sentimita 35. Mama anafika 1.97, nywele zinakaribia bati. Wewe Trésor utaligonga. Saloni ina 2.60, iwe pale karibu na dirisha.

Mama: Dakika ngapi kwa siku?

Mado: Anza na 8 hadi 10 Mama, siku nne. Kila wiki ongeza mbili. Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima wafikishe angalau dakika 150 kwa wiki, tutafika polepole. Goti likivimba, unapumzika na kunipigia.

Trésor: Upana wake ni sentimita 64. Papa, pima mlango wa saloni kabla sijalipa.

Papa: Nimepima. 71. Lakini kile kiti kikubwa kitoke kwanza.

Mama: Kitoke leo.