Mjadala: Vijiji vya miti Mufindi na Njombe, serikali itoe miche ya parachichi au iwekeze kwingine?

Mleta mada
Wakuu, Mufindi na Njombe miti ndiyo uchumi: shamba la Sao Hill chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), mashamba ya kampuni, na vishamba vya wanakijiji vya ekari moja au mbili. Mbao ikishuka bei, anayumba mpasuaji, dereva, mama ntilie, hadi halmashauri. Dawa inayopendwa sasa ni kugawa miche ya parachichi. Naona miche ndiyo sehemu rahisi. Fedha ziende kwenye yale yanayofuata. Anayepinga aje na hoja.

Bibi Shamba
Napinga nusu. Ruzuku ya miche ibaki, maana mche wa Hass (aina ya parachichi) uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kwenye shina la mche mwingine, si wa kila mfuko. Kosa ni kugawa bila kuangalia unapandwa wapi. Mtu anavuna mipaina, anachimba shimo pembeni ya kisiki. Kisiki kinaweza kuwa na kuvu wa mizizi, na anahamia kwenye mparachichi. Unakuja kunyauka wakati mwenye shamba ameanza kuhesabu matunda. Ng'oa visiki na mizizi minene, lima mahindi au maharage misimu miwili kwanza.

Shimo liwe futi 2 kila upande, kina futi 2. Udongo wa juu changanya na debe la samadi iliyoiva, rudishia mpaka uinuke kidogo. Palipobebeshwa pabaki juu ya udongo. Nafasi ya mita 7 kwa 7 inakupa miche 80 hivi kwa ekari. Na jamani, msipande kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni! Maji yakituama mizizi inaoza. Tena Juni na Julai baridi yote inateremkia bondeni, umande unaganda juu ya majani machanga, na jua likipanda yanakuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto.

Fundi Msumeno
Mnaongea kama vile mti hauna tena faida. Faida ipo, inaishia kwenye unga wa mbao. Msumeno wa duara wa dingidongi (mashine ndogo ya kupasulia mbao) unakula kama milimita 6 kila unapopita. Kwa mikato mitano umemwaga milimita 30, zaidi ya mbao nzima ya inchi moja. Msumeno wa mkanda ukiwa umenolewa vizuri unakula milimita 2 hivi, kwa mikato ile ile ni 10 tu. Halafu gogo lenyewe ni la mti wa miaka minane, jembamba na laini, na mbao zinarundikwa juani bila vijiti vya kupitisha hewa. Zinapinda, mnunuzi anashusha bei. Mkopo wa msumeno wa mkanda na banda la kukaushia utaleta ajira mapema kuliko parachichi.

Bwana Miti
Fundi, huo mti wa miaka minane unakatwa kwa sababu ada na mgonjwa havisubiri miaka 18. Programu ya Panda Miti Kibiashara, ya Tanzania na Finland, iliyoanza 2014, ilisaidia kwenye mbegu bora na vikundi vya wakulima. Pengo ni fedha ya kumfikisha mkulima kwenye mavuno.

Tazameni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Halmashauri ikitegemea ushuru wa mbao, mbao zikianguka na mfuko unaanguka, siku ile ile watu wanapouhitaji. Na mparachichi unaanza kuzaa mwaka wa tatu. Marejesho yakidaiwa mwaka wa kwanza, mkulima atalipa kwa kukata miti michanga. Mkopo wa kumpunguzia utegemezi wa miti unamalizia miti yake.

Mtu wa Mizinga
Kwa ufupi: mizinga isigawiwe ya kuweka katikati ya mipaina. Mpaina hauna nekta, chavua yake inabebwa na upepo. Iwekwe karibu na milingoti (mikaratusi), msitu wa asili na parachichi zinazotoa maua. Asali ivunwe masega yakishafunikwa nta. Maji yakizidi asilimia 20 inachacha.

Mleta mada
Bibi Shamba, kwenye visiki nimekubali. Lakini tufike kwenye tunda. Soko la China lilifunguliwa 2022, nalo linataka mashamba na vituo vya kufungashia vilivyosajiliwa. Hass ikichumwa changa haiivi, inanywea. Kipimo si kigumu: gramu 100 za nyama ya tunda zikikaushwa mpaka uzito usishuke tena, zibaki angalau gramu 21. Mzani na oveni ndogo kwa kila kata vinatosha. Tunda likatwe kwa mkasi likiwa na kikonyo, likae kivulini, lipelekwe kwenye baridi ya nyuzi 5 hadi 6 siku hiyo hiyo. Bila chumba cha baridi, dalali akifika na lori ndiye anayepanga bei, na mkulima hana pa kulipeleka kwingine.

Bwana Miti, kwa hesabu zako marejesho yaanze mwaka wa ngapi, na nani abebe riba ya miaka ya kusubiri?