Mwanangu mrefu: Georgetown ni kweli au ni jina tu?

Mama wa Kondele:
Hamjambo. Kijana wangu ana miaka 17, na mlangoni petu lazima ainame. Kwenye mpira wa kikapu shuleni anawekwa tu chini ya kikapu angoje mpira. Hakuna aliyemfunza kutumia miguu, na hilo linaniuma. Nasikia Georgetown, chuo kikuu cha Marekani, inajua kulea wachezaji warefu. Ni kweli?

Kocha wa Milimani:
Mama, jina hilo walilitolea jasho. John Thompson, aliyekuwa mchezaji wa akiba wa nyota Bill Russell katika timu ya Boston Celtics, alianza kufundisha Georgetown 1972. Akiwa na mchezaji mrefu Patrick Ewing akatwaa ubingwa wa vyuo 1984. Baadaye warefu wengine, Alonzo Mourning na Dikembe Mutombo, wakawa wanapambana wao kwa wao mazoezini, kila siku, na Ewing likizoni anarudi kuwasukuma. Hapo ndipo mtu hukomaa! Mwambie kijana habari za Mutombo: alitoka Kinshasa 1987 akitaka kuwa daktari, akajifunza Kiingereza hukohuko, akahitimu 1991 na kuchaguliwa wa 4 kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani.

Jirani wa Maseno:
Kocha amesema vyema, ila Thompson aliondoka 1999. Roy Hibbert, mrefu mwingine, alikuja baadaye, chini ya mwanawe Thompson. Mama, muulize kocha wa Georgetown aliyepo sasa nani atamfunza kijana, na masomo je?

Mama wa Kondele:
Asanteni sana. Kocha, Jumamosi nitamleta uwanjani. Umwanzishe na miguu, tafadhali.