Mpira wa Kimarekani London: Tanga ni saa ngapi, na uwanja wa Mkwakwani ungetosha?

Ngamiani: Wakuu, mechi za NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani) za London huku zinaanza saa ngapi? Na Mkwakwani ungetosha?

Raskazoni: Kwa kawaida saa 10:30 jioni. Marekani wakirudisha saa nyuma mapema Novemba, inakuwa 11:30. Usiwashe runinga mapema bure.

Chumbageni: Kwa Mkwakwani, kikwazo ni urefu. NFL wanahitaji mita 109.7 kwa 48.8, wakati soka kawaida ni 105 kwa 68. Halafu nyasi! Mwaka 2018 mechi ya timu za Rams na Chiefs ilihamishwa kutoka uwanja wa Azteca, Mexico City, hadi Los Angeles kwa sababu ya nyasi mbovu. Tottenham, klabu ya soka ya London, wana ujanja uwanjani kwao: nyasi za soka hugawanyika vipande 3 vikavutwa chini ya jukwaa, zikabaki za bandia.

Ngamiani: Kumbe! Ahsante mkuu.