Jino la mtoto, kiini kimekufa na ncha ya mzizi iko wazi: kalsiamu, kizibo cha MTA au kuuhuisha mfereji?

Meno_Mbarara: Jino la mbele la juu, mtoto wa miaka 8, kiini kimefia ndani baada ya kuanguka. Njia ni tatu. Ya zamani ni kujaza kalsiamu haidroksaidi na kuibadilisha kila miezi mitatu hivi hadi ncha ijizibe. Huchukua miezi mingi, na dentini (tishu ngumu ya kuta za mzizi) iliyokaa sana na dawa hiyo hudhoofika. Mzizi hukatikia shingoni, pale jino linapokutana na mzizi. Kizibo cha MTA (saruji ya meno) cha mm 4 hadi 5 huisha kwa miadi miwili, ila kuta hubaki nyembamba vilevile. Ya tatu, kuuhuisha mfereji, ni kuchokoza damu ipande mfereji ili seli shina za ncha (zinazoweza kuota tishu mpya) ziujenge mzizi. Mzizi ukiwa mfupi, nachagua hiyo. Ukikaribia kukamilika, weka kizibo. Hapo damu ya nini?

Faili80: Wengi huharibu kwenye kuosha. Haipokloraiti (dawa ya kuua vijidudu) 1.5%, ml 20, dakika 5, sindano yenye tundu la ubavuni ikome mm 1 kabla ya mwisho wa mzizi. Kama ni jik, soma lebo: ya 3.5% isiyo na manukato, vipimo 3 kwa maji safi vipimo 4. Sukuma polepole. Mfereji huu hauna mlango, dawa ikimwagikia mfupani uso unavimba papo hapo. Na kuta msizichonge kwa faili, ile sindano nyembamba ya kukwangulia mfereji!

Nalongo_Jinja: Rangi je? Mchanganyiko wa viuavijasumu vitatu wenye minosaiklini, ukiwekwa mferejini kati ya miadi miwili, huacha jino la kijivu, na mama wa mtoto hatasahau. Kalsiamu inatosha, wiki 1 hadi 4, juu yake kizibo cha muda cha mm 3 hadi 4. MTA ya kijivu nayo iacheni. Biodentine, saruji nyingine ya aina hiyo, haichafui sana.

Faili80: Sawa kabisa, Nalongo. Miadi ya pili: usaha na maumivu vikiwa vimekwisha, piga ganzi isiyo na adrenalini. Hapo ndipo watu hukwama, maana lignokaini yenye adrenalini ndiyo iliyozoeleka, nayo hubana mishipa, damu haiji. Osha kwa EDTA (dawa ya kuondoa madini kwenye dentini) 17%, ml 20. Hiyo hufungulia vichocheo vya ukuaji vilivyo kwenye dentini. Usirudie haipokloraiti mwishoni, inaua seli unazozitaka. Kausha, kunja ncha ya faili, ipitishe mm 2 nje ya mzizi. Damu ikome mm 3 hadi 4 chini ya shingo, igande, weka kipande cha kolajeni (sponji ya protini), MTA mm 3, halafu glasi ayonoma ya kuzibia juu. Ukiruka kolajeni, MTA huzama kwenye damu.

Gulu_Kinywa: Mtoto wa bweni harudi katikati ya muhula. Anza siku za kwanza za likizo, miadi yote miwili iingie humo. Eksirei ni baada ya miezi 6, 12 na 24, na mzazi aambiwe mapema. Mwambieni pia kwamba kinachoota ndani mara nyingi si kiini halisi, bali tishu inayofanana na mfupa au sementi ya mzizi. Mfereji unaweza hata kuziba wote.

Nalongo_Jinja: Na damu ikigoma?

Faili80: Jaribu tena kwa faili. Ikigoma kabisa, weka kizibo cha MTA siku hiyohiyo. Mfereji tayari ni safi.