Mnaowashawishi watu wahamie Linux, mbona hamsemi habari ya Wi-Fi?

Wakuu, leo nina hasira na sitazunguka mbuyu.

Tangu Microsoft wasitishe huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kila mwenye laptop isiyokubali Windows 11 anaambiwa "weka Linux Mint, ni rahisi", yaani mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Mint ni nzuri, hata mimi naitumia. Ila mnawatosa wageni.

Mdogo wangu ni mwalimu wa sekondari. Fundi kamfutia diski nzima, kamwekea Mint, kala hela yake. Kufika nyumbani, Wi-Fi hakuna. Siyo kwamba nenosiri linakataliwa, hata kitufe cha kuiwasha hakionekani! Kuuliza kwenye kundi la WhatsApp la hao hao "wataalamu", anajibiwa "shusha draiva", yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuitumia kadi ya Wi-Fi. Ashushe kwa intaneti ipi? Mwingine kamrushia mistari ya kubandika kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri) bila kueleza hata mmoja unafanya nini. Wa tatu kamwambia kama hawezi kusoma arudi Windows. Mtu ana mitihani ya kutunga!

Na siyo tatizo geni. Kuna kadi za Wi-Fi, kama Broadcom BCM43142, ambazo draiva yake haimo ndani ya keneli (kiini cha Linux), inabidi uiweke mwenyewe. Dawa yake: unachomeka simu ya Android kwa waya wa USB, unawasha USB tethering (simu inaipa laptop intaneti), unafungua Driver Manager (programu ya Mint ya kuwekea draiva), unachagua draiva, basi. Kama Secure Boot (ulinzi unaokagua programu mashine inapowaka) imewashwa, utaombwa utunge nenosiri, na mashine ikijiwasha upya inakuja skrini ya bluu: hapo chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa draiva), uliandike nenosiri lile lile. Ukiipita skrini hiyo, draiva haitafanya kazi. Mgeni atayajuaje haya asipoambiwa?

Tena yote yangeonekana kabla ya kufuta chochote. Flash ya Mint inawasha mashine bila kugusa diski. Unajaribu Wi-Fi, sauti na printa, unafungua mitihani yako ya Word kwenye LibreOffice (programu ya ofisi inayokuja na Mint) uone kama majedwali yamehama. Ni kazi ya dakika chache tu, na fundi analipwa!

Mafundi mliomo humu, nijibuni: mteja akileta laptop, mnamjaribishia kwa flash kwanza, au mnafuta tu?