Kwenda Kupro na mama: tuvuke upande wa Waturuki au tubaki Larnaca?

BintiKisauni:
Hamjambo nyote. Mimi ni wa Mombasa, naishi Leicester. Mwezi wa kumi nampeleka mama Kupro, hoteli iko Larnaca. Nina pasi ya Uingereza, yeye ana ya Kenya. Nasikia kisiwa kimegawanyika, Wagiriki kusini na Waturuki kaskazini, na jeshi la UN liko katikati. Mama ni mtu mzima na magoti yanamsumbua, ataweza kuvuka? Na kuna nini cha kumvutia mtu asiyeshtushwa na bahari? Amekulia Kisauni.

MwalimuRiruta:
Binti yangu, mimi ni Mwothodoksi wa Nairobi, nilikaa Kupro kwa masomo ya kanisa. Mama aombe visa ya Jamhuri ya Kupro na mshukie Larnaca. Msishawishiwe na tiketi rahisi ya kupitia Istanbul hadi Ercan, uwanja wa ndege wa kaskazini. Serikali ya kusini inauhesabu mlango huo kuwa haramu. Na siku ya kuvuka, aulize kwanza kituoni habari za pasi ya Kenya, maana masharti ya kaskazini hubadilika.

Nicosia, mji mkuu, ingieni kwa miguu, polepole. Mji wa kale umezungukwa na ukuta wa watu wa Venice wenye ngome 11: 5 ziko kusini, 5 kaskazini, 1 iko mikononi mwa UN. Mtaa wa Ledra ni maduka ya nguo na aiskrimu, halafu ghafla kibanda cha polisi, nyumba zilizozibwa madirisha, kisha kibanda cha pili. Ni tambarare, magoti ya mama yataweza. Kivuko hicho kilifunguliwa 2008.

Sasa sikiliza. Mzee wa kusini ukimwuliza yaliyotokea ataanzia 1974: Julai, wanajeshi wenye kuungwa mkono na watawala wa Athens walimpindua Rais Makarios, aliyekuwa pia askofu mkuu, siku 5 baadaye Uturuki ikavamia, na Wagiriki zaidi ya 150,000 wakaacha nyumba zao. Mzee wa kaskazini ataanzia Desemba 1963, jamii mbili ziliposhikana na jenerali wa Kiingereza akaigawa Nicosia kwenye ramani kwa penseli ya kijani. Wote wawili wana haki ya kuanzia walipoanzia. Waache wamalize.

Nasema hivyo kwa sababu huyo Makarios kwetu ni mtu mkubwa. Waingereza walimpeleka uhamishoni Shelisheli 1956, wakati huku Kenya walikuwa wameyafunga makanisa yetu kwa kuyahusisha na Mau Mau. Mwaka 1971 alikuja Nairobi akabatiza maelfu, mama yangu akiwemo, na seminari ya Riruta ina jina lake. Kaburini kwake, Throni, juu ya monasteri ya Kykkos, nilisali kwa niaba ya ukoo mzima. Basi nikamsimulia hayo muuza kahawa mmoja wa kaskazini. Akaniambia, bila kuzungusha, kwamba enzi za rais wangu ndipo babu yake alipokimbia kijiji. Hakuongopa: Waturuki wapatao 25,000 walihama wakati ule. Kahawa yake lakini ni nzuri kuliko ya kusini, na hilo nitalisema hata mbele ya askofu.

Mushi_wa_Bukavu:
Mzee amesema kweli juu ya Ercan. Mimi nasoma kaskazini, niliingia kwa mlango huo, sasa Ledra naishia kwenye kizuizi. Dada, mkikodi gari kusini, bima yake haifanyi kazi huku. Nunueni nyingine kwenye kivuko cha magari, pale Metehan. Wanaendesha kushoto kama kwenu Mombasa. Pesa ni lira, ila euro wanapokea, na chenji itawaumiza.
Nendeni Famagusta, huku huku kaskazini. Msikiti wa Lala Mustafa Pasha ulikuwa kanisa kuu la Mtakatifu Nikolasi hadi Waothmania walipoutwaa mji 1571, na ukiutazama kwa mbele bado ni kanisa lenye mnara wa adhana. Varosha, mtaa wa hoteli uliofungwa tangu 1974, sehemu yake ilifunguliwa 2020. Watu wanakodi baiskeli na kupiga selfi mbele ya vyumba vya wenyewe waliokimbia. Mimi nilienda, sirudi.

Maryam_Maskati:
Mbona mnampitisha mama wa watu makaburi ya maaskofu tu? Hapo hapo Larnaca, karibu na uwanja wa ndege, kuna msikiti wa Hala Sultan, ukingoni mwa ziwa la chumvi. Amezikwa Ummu Haram, sahaba wa Mtume, aliyeanguka kwenye nyumbu wake jeshi la Muawiya lilipofika kisiwani. Heroe huja ziwani wakati wa baridi. Mwezi wa kumi huenda mkakuta chumvi tupu.

BintiKisauni:
Shikamoo mwalimu, na ahsanteni wote. Mama nimemsomea la Ummu Haram, amekwisha chagua mtandio. Anauliza kama kuna kivuli.

Maryam_Maskati:
Mitende ipo. Kiti mbebee.