Mtoto wa ziwa tu anagoma chupa: tupeane uzoefu

Mama Ilham: Jamani, zile siku 84 za likizo ndiyo zinaisha Ijumaa. Leo nimejaribu chupa, mtoto kaisukuma kwa ulimi huku kanikazia macho. Mliopita huku mlifanyaje?

Mama Kulwa: Usimpe wewe. Anasikia harufu yako, ahangaike na mpira wa nini? Toka nje, ampe baba yake au dada.

Nuru wa Mbagala: Umenikumbusha mbali. Siku ya kwanza kurudi kazini niliacha maziwa niliyokamua kwenye friji, dada nikamwelekeza kila kitu. Saa nne simu: "Mama, hataki." Saa sita: "Mama, bado." Saa nane nikasikia kilio chenyewe, sauti imekauka, na maziwa yakanitoka palepale mbele ya wateja, blauzi ikalowa mpaka kiunoni. Nikaomba ruhusa, nikapanda boda kutoka Posta. Nafika, bibi wa jirani kampakata, anamnywesha kwa kikombe cha kahawa, kile kisicho na mkono. Anakigusisha mdomoni tu, mtoto analamba kama paka. Chupa sikuigusa tena.

Mama Eliya: Pole dada, nimelia.

Baba Jojo: Mchanganyie na ya kopo, atazoea.

Sista Rehema: Baba Jojo, anachokataa ni chupa, si maziwa! Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama pekee. Kikombe unakiosha kikatakata. Kwenye chuchu ya mpira uchafu unajificha, mtoto anaharisha.

Baba Jojo: Wangu kakulia kopo, yuko darasa la tatu, mzima.

Mama Eliya: Kaka, kopo limeulizwa na nani?

Mama Kulwa: Sista, kikombe kwa dada mwenye haraka ni kumpalia mtoto. Chupa inakubalika, ila usingoje awe na njaa kali. Maziwa yapashe kwenye bakuli la maji ya moto, na chuchu ipate joto.

Bi Salma: Dada ajifunge khanga uliyolala nayo. Mnacheka, kwangu ilifanya kazi.

Mama Eliya: Na kazini omba muda wa kunyonyesha, sheria ya ajira inakupa mpaka saa 2 kwa siku. Andika barua mapema.

Mama Ilham: Asanteni. Nuru, bibi alimshikaje?

Nuru wa Mbagala: Wima, shingo kaiegemeza mkononi. Na usimmiminie, acha avute mwenyewe.